Pedi zinaliwa na mguu

Ijumaa nilishuka boti Mkoani, Pemba, mtoto wa kaka yangu akaja kunipokea na gari yake ya Noah. Hatujafika Mtambile, pua yangu imeshanasa harufu ya breki. Nikamtazama mguu. Mafuta, breki, mafuta, breki. Tuta analiona mbele na bado anakanyaga mafuta, akilifikia anabana mpaka sote tunainama. Nikamwuliza pedi za breki kabadilisha lini.

"Kabla ya Ramadhani tu, Ami. Za siku hizi feki, hazikai."

Neno hilo limenichosha. Feki zipo, sikatai, na anayeziuza anacheza na roho za watu. Lakini hata pedi bora kuliko zote, ukiipa mguu ule, itakwisha upesi vilevile.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo wa gari kuwa moto. Gari inayokwenda 80 haibebi nguvu mara 2 ya ile inayokwenda 40, inabeba mara 4, na ukiisimamisha ghafla nguvu yote hiyo inamezwa na pedi na diski. Tuta ukiliona mbali ukaachia mafuta mapema, injini na upepo vinaupunguza mwendo bure, mguu haujagusa breki bado. Hakuna ufundi mwengine unaoushinda huo.

Na Pemba si Unguja. Kule ukitoka Mwanakwerekwe hadi Makunduchi barabara imelala kama jamvi. Kwetu ni kilima na bonde, kilima na bonde. Madereva wa malori ya karafuu tuliowakuta utotoni walikuwa wakisema, teremka na gea uliyopandia. Lori limejaa magunia, linashuka linanguruma, mguu wa dereva hauko kwenye breki. Leo gari zetu nyingi ni otomatiki kutoka Japani, na watu wanaona D ndiyo gea pekee. Kitufe cha O/D, cha kuizima gea ya juu kabisa, kipo pale pale kwenye mkono wa gea, na gea ndogo za kuteremkia, 2 ipo, L ipo. Mtu anaendesha miaka mitano hajavigusa. Anateremka na D, gari inamkimbia, basi mguu unalala juu ya breki tangu kileleni mpaka bondeni. Pedi ikipata moto kupita kiasi haishiki tena. Oili ya breki iliyozeeka imeshanyonya maji, nayo inachemka, pedeli inazama chini ya mguu. Na bondeni huko watoto wanatoka skuli, wamejipanga ukingoni mwa barabara. Hilo ndilo linalonitia hasira, jamani. Bei ya pedi mtu ataitafuta.

Jumamosi asubuhi tukafungua tairi la mbele kushoto, chini ya muembe. Pedi ya nje ilikuwa na milimita 6 hivi. Ya ndani haikufika 2, nyembamba kama kucha, na pedi ikifika milimita 3 ni ya kubadilishwa. Pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, zimeganda kwa kutu, hewa yetu ya chumvi haisamehe. Aliyezifunga pedi mpya alizipachika tu, hakuzitoa pini, hakuzisafisha, hakuzipaka grisi ya breki inayostahimili moto. Kwa hilo nampa kijana haki yake, kosa la upande ule si la mguu wake. Tulizipiga msasa pini, tukazipaka grisi, tukabadilisha pedi za pande zote mbili za mbele, maana upande mmoja peke yake haubadilishwi.

Jumapili akanirudisha bandarini. Tulipofika mteremko wa kushukia Mkoani akazima O/D bila kuambiwa, injini ikapandisha sauti, gari ikatulia. Nilishusha kioo, sikusikia harufu.

"Ami, na abiria wakinambia nachelewesha?"

Nikamwambia wachelewe.