Slomo inarukaruka? Kabla hujanunua RAM, hesabu fremu zako

Wadau wa video za harusi, naomba tuongee kidogo. Mtu anatuma klipu kwenye grupu, bibi harusi anaingia ukumbini kwa slomo (mwendo wa taratibu) afu picha inakwamakwama, na maswali ni yale yale, niongeze RAM? nihamie DaVinci (programu ya kuediti)? kuna plagini? Mi naona kompyuta tunaionea bure. Slomo nyingi zinaharibikia kwenye kamera, na zilizobaki tunaziharibu wenyewe kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe ni ya kawaida tu. Taimlaini (pale unapopanga klipu kwenye programu) ya 25 inataka fremu, yaani picha moja moja, 25 kila sekunde, basi. Klipu ya fremu 50 ukiishusha mwendo hadi asilimia 50 inaenea, ya 100 ukiishusha hadi asilimia 25 inaenea. Sasa jamaa kashuti 120, kaitupia kwenye taimlaini ya 25, kaandika asilimia 20 kwa vile ni namba ya mkato. Asilimia 20 ya 120 ni 24, taimlaini inadai 25, ile moja iliyopungua programu inaifidia kwa kurudia fremu, kwa hiyo kila sekunde kuna fremu inatokea mara mbili na jicho linainasa, hasa kamera ikiwa inazunguka taratibu. Angeandika 20.83 isingekuwa shida. Mi huo usumbufu wa desimali siutaki, kwenye Premiere (nayo programu ya kuediti) naingia Interpret Footage naiambia klipu isomeke kama ya 25, kwenye DaVinci ni Clip Attributes, imeisha hiyo. Ila DaVinci fremu reti (idadi ya fremu kwa sekunde) ya projekti iseti mwanzo kabisa kabla hujaingiza klipu, ukichelewa inajifunga.

Vipi aliyeshuti 25 afu anataka slomo ya asilimia 20? Huyo fremu hana, Optical Flow, ile ya programu inayobuni fremu za katikati, ndo inambunia. Mtu akiwa kasimama mbele ya ukuta mtupu inabuni vizuri tu, sikatai. Ngoja sasa ifike kutunza maharusi, noti zinapepea, mikono inapishana, hebu simamisha hapo uangalie vidole: vinayeyuka vinaungana na noti ya elfu kumi, na kitenge cha shangazi chenye maua madogo madogo kinatokota kama uji. Hapo mi naiacha mwendo wa kawaida, mteja hata haulizi.

Klipu za simu nazo zina lao, nyingi fremu reti yake inapanda na kushuka yenyewe, ndo maana sauti inaachana na mdomo kadiri klipu inavyokuwa ndefu. Ipitishe HandBrake (programu ya kubadili video) uchague Constant Framerate, yaani fremu reti isiyobadilika, ndo uanze kuediti.

Ila ugomvi wangu mkubwa ni hii 120 yenyewe. Tunaipenda kwa sababu wale wa YouTube tunaojifunzia wengi wako Marekani na umeme wa kule ni hezi 60. Wetu ni hezi 50, maana yake taa nyingi za ukumbini zinapiga mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukishuti fremu 100 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/100 ya sekunde, kila fremu inabeba mpigo mmoja mzima, mwanga unatulia. Ukishuti 120, shata haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/120 ya sekunde, mpigo hauenei, fremu hii inapata mwanga mwingi ile inapata kidogo, ukija kuishusha kwenye 25 ukumbi mzima unapepesa kama mara nne kwa sekunde. Afu mtu anahangaika na plagini ya kuondoa flika (huko kupepesa) usiku kucha wakati dawa ilikuwa kwenye menyu, toa NTSC (mfumo wa video wa Marekani) weka PAL (wa nchi za hezi 50), kamera nyingi zinakupa 50 na 100 badala ya 60 na 120.

Zile LED za rangi za bei chee na skrini kubwa ya nyuma ya jukwaa hazifuati hesabu hiyo, zina mapigo yao. Kwa hizo nenda mapema, piga klipu fupi kabla wageni hawajaingia, ichezeshe hapo hapo kwenye kamera, ikipepesa badili shata kidogo kidogo hadi itulie, ikigoma kabisa mwambie MC wakati wa keki taa hizo zizimwe.