Matundu sita kwenye ekzosi: nani ana haki, mwenye ndege au fundi?

Kwenye uwanja wa ndege wa Tanga nilikuta ubishi ambao sijaweza kuusahau. Mwenye Cessna 182 ya zamani kaagiza sensa sita za joto la ekzosi, moja kwa kila silinda, pamoja na kioo cha kuonyesha nambari zake. Fundi wake, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, hataki kuzifunga.

"Mwanangu, bomba hili nalifungua na kulifunga miaka yote hii, halijapasuka. Leo unataka nilitoboe matundu sita kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Mzee wangu, mimi navuka kwenda Pemba na injini moja. Pale katikati ya bahari hakuna pa kutua. Nataka kuijua hali ya kila silinda nikiwa bado huku nchi kavu."

Nimeupima ubishi huo kwa siku kadhaa, na kila nikidhani nimeshaegemea upande mmoja, hoja ya upande wa pili inanirudisha.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo. Ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata joto, nyaya huzaa umeme wenyewe bila betri, kiasi cha mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tabia hiyo ya madini aliieleza Seebeck, Mjerumani, mwaka 1821. Fundi anatoboa bomba la kila silinda tundu la milimita 3 hivi, anaingiza ncha katikati ya njia ya moshi, anaikaza kwa kibanio kinacholizunguka bomba.

Sasa faida. Rubani akibana mafuta kidogo kidogo, joto la ekzosi hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka. Kilele hicho ndicho kinachomwambia mchanganyiko wa mafuta na hewa uko wapi. Kwa anayeruka Tanga na Pemba tu, chini chini kandokando ya bahari, jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini ndege hiyo hiyo huenda Arusha, uwanja ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ikilishwa mafuta ya kipimo cha Tanga inakabwa nayo. Tena 182 nyingi za zamani zina injini ya Continental O-470 ya kabureta, na kabureta hiyo haigawi sawa: silinda moja inashiba, jirani yake inashinda na njaa. Ukifunga sensa moja tu, utajuaje kama umeifunga kwenye iliyoshiba au yenye njaa? Ndiyo maana mwenye ndege anataka sita.

Faida kubwa zaidi naiona kwenye kutafuta ugonjwa. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikipata umeme wa cheche kutoka magneto yake, yaani kizalisha cheche cha injini. Moja ikifa, moto unaanzia upande mmoja na kuchelewa kumaliza, hivyo vali ya kutolea moshi inafunguka gesi ikiwa bado inawaka, na joto la ekzosi la silinda hiyo linapanda. Rubani akizima magneto moja kwa majaribio, silinda zote sita zinapaswa kupanda. Ile inayoporomoka peke yake ndiyo yenye plagi mbovu kwenye magneto iliyobaki. Fundi anakwenda moja kwa moja kwenye plagi hiyo, badala ya kufungua zote 12 juani. Na vali inayoanza kuungua huweza kujitambulisha mapema: nambari ya silinda yake inapanda na kushuka polepole, mara kwa mara, wakati wenzake wametulia. Anayejua kusoma dalili hiyo hangoji vali ivunjike.

Lakini mzee naye hakusema upuuzi. Bomba la ekzosi ni bati jembamba linalopashwa moto na kupozwa kila safari, na tundu lolote ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Kwenye ndege hizi hewa ya kupasha joto chumba cha abiria huzungushwa nje ya mafla moto, kwa hiyo ekzosi ikivuja sehemu ile, kaboni monoksidi inaingia walipo watu, nayo haina harufu. Tanga hakuna anayewasha hita, lakini Arusha asubuhi ya mwezi wa saba huwashwa. Moshi unaovuja kwingine unaweza kuchoma waya au bomba la mafuta lililo jirani.

Hoja ambayo mzee hakuitaja, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba nambari ya ekzosi yenyewe si kipimo cha afya ya injini. Vali hufunguka sehemu tu ya mzunguko, hivyo sensa inapigwa na moto, inatulia, inapigwa tena, na kinachoonekana kwenye kioo ni wastani wa hayo. Isogeze sensimita mbili, nambari inabadilika. Rubani anayehangaika kwa sababu silinda ya tatu inasoma nyuzi 720 na ya nne 690 anahangaika bure. Kinachoua silinda ni joto la kichwa chake, na kikomo kinajulikana: nyuzi 238 kwa Continental nyingi, 260 kwa nyingi za Lycoming, mtengenezaji mwingine wa injini. Mafuta yakianza kulipuka ovyo ndani ya silinda, joto la kichwa linapaa huku la ekzosi likishuka! Anayetazama ekzosi peke yake atadhani mambo yanapoa, kumbe pistoni inayeyuka.

Kwa hiyo mimi niko na mwenye ndege, ila simkubalii afunge sensa za ekzosi bila za vichwa vya silinda. Pia kumbukumbu za kila safari zisomwe na kulinganishwa, na fundi awe wa kwanza kuziona. Kwa ndege ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, karatasi za badiliko hili ziwe zimekubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na geji za zamani zibaki mahali pake kama kioo kipya hakikuidhinishwa kuzirithi.

Na kazi afanye yule yule mzee anayeliogopa tundu. Siku ile kijana msaidizi wake alishika penseli ili aweke alama kwenye bomba, na mzee akaidaka kabla haijagusa. Kaboni ya penseli huingia kwenye chuma cha pua kikipata moto na kukidhoofisha mahali pale pale ulipochora. Akampa kalamu ya wino wa kazi hiyo. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayepima umbali ule ule kwa silinda zote, kati ya sensimita 5 na 10 kutoka bomba linapoanzia, akiepuka kona na viungo. Hatarefusha waya wa sensa kwa waya wa shaba. Atakumbuka kwamba kwenye nyaya hizi za Kimarekani nyekundu ni hasi, maana fundi wa magari akizigeuza, kioo kitaonyesha injini inapoa kadiri inavyopata moto. Na viungio atavikagua mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu ya chumvi ya bahari yetu.

Walikubaliana kungoja ukaguzi unaofuata, ekzosi ishushwe yote na kutobolewa mezani. Kijana akauliza waanze na ipi, akionyesha silinda ya mbele, kama alivyozoea kwenye Lycoming.

"Hii ni Continental," mzee akamwambia. "Namba moja iko nyuma, kulia."