Mtoto akitimiza mwaka tu mnakimbia WIC, kwa nini?

Wamama wenzangu wa huku Marekani mtanisamehe ila leo naongea. Mtu akiwa mjamzito anaifukuzia WIC, ule mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo wa familia za kipato kidogo, hadi basi, mtoto akizaliwa kadi haitoki kwenye pochi maana kuna maziwa ya kopo na bei ya kopo moja wote tunaijua, afu mtoto akifikisha mwaka maziwa ya kopo yanakatwa na mama naye anapotea, kliniki haendi, simu zao hapokei. Wakati mtoto anahudumiwa mpaka atimize miaka 5! Miaka minne ya maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga na hela ya matunda na mboga unaiachia hivi hivi.

Na si sisi Waswahili peke yetu. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya huku, ambao ndo wenye mpango, zinaonyesha vichanga wanaostahili wengi wao wameandikishwa, ukija kwa watoto wa mwaka mmoja na kuendelea idadi inaporomoka. Majaribio yaliidhinishwa 1972 kwa sababu ya wajawazito na watoto wa familia masikini waliokosa lishe na kupungukiwa damu, ndo maana mpaka leo wanamtoboa mtoto kidole wampime damu. Makopo ni kipande tu cha huo mpango.

Ila siwalaumu wamama tu, foleni ya keshia naijua. Mtoto akishavuka miaka 2 wanataka maziwa yenye mafuta asilimia 1 au yasiyo na mafuta kabisa, we umebeba ya asilimia 2 maana galoni zinafanana, tofauti ni rangi ya kifuniko na lebo, mashine inakataa, keshia anapaza sauti amwite mwenzake aje aangalie, foleni nzima inakutumbulia macho na mtoto analia anataka kushuka kwenye toroli. Mkate nao una uzito wake, ukizidi umekwama. Hapo mtu anaona bora nitoe hela yangu niondoke.

Afu kisichonunuliwa mwezi huu hakihamii mwezi ujao, kimekufa. Hili ndo linaniudhi kuliko yote, kama umeshakubali mtoto huyu anahitaji mayai, yanayeyukaje kisa mama yake alikuwa shifti za usiku wiki nzima? Wangeacha hata mwezi mmoja wa ziada.

Hela ya matunda na mboga ndo watu wanaidharau bila kuijua. Kabla ya korona mtoto alipata dola 9 kwa mwezi, kufika 2024 ikawa 26, na kwa vitu fresh hakuna mambo ya kampuni gani wala lebo gani, chukua ndizi, parachichi, sukuma, viazi vitamu, ukipitisha kidogo unaongezea yako.

Na wanaoogopa makaratasi, sheria ya mpango haisemi lazima uwe raia. Kama una Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa serikali wa kununua chakula), kwenye kipato umeshapita. Kwa hiyo wewe uliyeacha na mtoto bado hajafika 5, piga simu kliniki wakuandikishe upya, na waulize kama jimbo lenu lina ile programu ya simu ya kuskani barkodi, unajua kabla hujafika kwa keshia kama maziwa ni yenyewe au siyo.