Dele la Posa

Mama yangu akipanga sinia la kahawa, finjani zote hulazwa kifudifudi, baina ya moja na nyengine upana wa kidole, na mdomo wa dele uelekee kibla. Ukigusa moja, anapanga upya zote. Dele nalo lisuguliwe kwa ndimu na majivu mpaka ujione meno.

Mdogo wangu anasomea usanii. Sinia lile lilishamchosha, ndipo akakutana na michoro ya Mfaransa Jacques Carelman, aliyetoa mwaka 1969 katalogi nzima ya vyombo visivyofaa kitu, kuzikejeli katalogi za maduka. Kimojawapo ni birika la kahawa lenye mdomo na mkono upande mmoja. Basi akachukua dele zima, zuri, akampelekea fundi alihamishe mdomo.

"Hili si la kutumia," akanambia. "Linauliza: tunakunywa kahawa au tunapanga sinia?"

Nikamwambia amuulize Mama, mimi nikiwa mbali.

Siku ya posa ya dada yetu, dele la nyumbani lilikuwa limeazimwa kwa jirani, kwenye hitima. Mama akaingia chumbani kwa msanii, akaliona linavyong'aa. Mdomo na mkono vyote vinaelekea kibla! Akalipenda zaidi. Akalijaza, akalifunika kitambaa cha kufuma, nikakabidhiwa sinia.

Wazee wa upande wa mume wamejipanga kwenye busati, mimi na kanzu yangu ya wanga. Nikafunua kitambaa. Sasa utawaambia nini wakwe, subirini, dele letu lina swali? Nikaliinamisha. Kahawa ya tangawizi, imetoka motoni sasa hivi, ikanimwagikia kifundoni, ikaingia ndani ya kanzu mpaka kwenye kiwiko, na mimi natabasamu. Finjani kavu. Nikajaribu kumimina kwa nje, nikajipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Nyuma ya pazia sauti ya Mama: "Finjani ya tatu imesogea!"

"Vizuri," akasema mshenga, "mwenye nyumba aanze yeye."

Posa ikakubaliwa, alhamdulillahi. Wakati wa kuvaa viatu, mzee mmoja akanivuta pembeni.

"Kijana, huyo fundi wenu yuko wapi? Nina jirani kila baada ya Alasiri yuko barazani kwangu. Tena hangoji kukaribishwa, anajimiminia mwenyewe."