Zuhura mbili

Usiku wa Januari 14, 2011, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, ikitoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi alikuwa amepumzika kwenye kiti chake. Kanuni ziliruhusu usingizi wa namna hiyo, mradi usizidi dakika 40. Yeye alilala dakika 75. Alipoamka, rubani mkuu alimjulisha kwamba kuna ndege ya kijeshi ya Marekani inakuja upande wao, futi 1,000 chini yao. Akiwa bado kwenye mang'amung'amu ya usingizi, rubani msaidizi akatazama nje, akaona taa kali mbele yao. Akadhani ndiyo ndege yenyewe. Mwenzake akamwambia siyo, ndege iko chini. Muda mfupi baadaye akaiona ndege ya kweli, na akili yake ikampa picha ya ndege inayowashukia. Akausukuma usukani mbele kwa nguvu. Ndege ikashuka futi 400 chini ya usawa wake, rubani mkuu akauvuta usukani, ndege ikapanda hadi futi 400 juu ya usawa huo. Waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa hadi darini. Abiria 14 na wahudumu wawili waliumia.

Taa ile ya kwanza ilikuwa sayari ya Zuhura.

Najua kwamba watu wanaofuatilia habari za vitu visivyotambulika angani hukereka wakisikia jina la sayari hiyo. Wana haki ya kukereka. Kwa miongo mingi, Zuhura ilitumika kama kifuniko: rubani akisema ameona kitu, mtu wa ofisini anamwambia umeona Zuhura, faili linafungwa. Kisa kinachouma kuliko vyote ni cha Thomas Mantell.

Mantell alikuwa kapteni wa miaka 25. Mchana wa Januari 7, 1948, alikuwa akiongoza ndege nne aina ya F-51 Mustang katika anga ya Kentucky, pale mnara wa kuongozea ndege wa kambi ya Godman ulipomwomba akaangalie kitu ambacho watu walikuwa wakikiona angani. Mantell akakiona, akaripoti redioni kwamba kiko juu yake na anapanda kukifuata. Ndege zake hazikuwa zimejiandaa kwa oksijeni ya kwenda juu kiasi hicho. Wenzake waliacha. Yeye aliendelea kupanda kupita futi 20,000, hewa ikawa haba, akapoteza fahamu, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Franklin.

Wachunguzi wa Jeshi la Anga wakatoa jibu: Zuhura. Saa tisa mchana! Zuhura mchana ni nukta ambayo hata anayejua mahali pa kuitafuta huhangaika kuipata. Miaka michache baadaye wachunguzi wengine walipolifungua faili upya, walipata maelezo yenye mantiki zaidi, na ndiyo yanayokubalika na wengi hadi leo: puto kubwa la utafiti la mradi wa Skyhook, lenye upana wa mita 30 hivi, liking'aa juani mbali sana juu ya kichwa cha Mantell. Mradi huo ulikuwa wa Jeshi la Majini la Marekani, na wakati ule ulikuwa siri. Kwa maneno mengine, kijana alikufa akifukuza puto la serikali yake mwenyewe, na waliopewa kazi ya kueleza kifo chake hawakuwa na habari kwamba puto la namna hiyo lipo.

Kwa hiyo nina Zuhura mbili mezani, na ninachotaka kusema kimo katika tofauti yake. Ile ya Air Canada ninaiamini kabisa. Ile ya Mantell siiamini hata kidogo. Sayari ni moja, ila uchunguzi haukuwa mmoja. Bodi ya usalama wa usafiri ya Canada ilipoketi, haikuwa na siri ya kulinda wala heshima ya jeshi ya kutetea. Ilitaka kujua ni kitu gani kilikuwa mbele ya kioo cha ndege ile, na kwa nini mtu aliyesomea kazi yake alikiona kama kitu kingine. Uchunguzi wa vitu wanavyoviona marubani ungefanywa hivyo tangu mwanzo, tusingekuwa na ugomvi huu wa miaka zaidi ya 75.

Ugomvi wenyewe ulianza Juni 24, 1947, pale Kenneth Arnold, mfanyabiashara aliyekuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, aliposema ameona vitu tisa vikienda kasi ya ajabu. Alieleza kwamba vilikwenda kama kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinadunda. Magazeti yakageuza mwendo ukawa umbo, na dunia ikapata "visahani virukavyo". Jeshi la Anga la Marekani likaanzisha miradi ya kuchunguza ripoti za namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho ukiwa Blue Book, uliofungwa mwaka 1969. Hesabu yake ya jumla ni ripoti 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila jibu. Watu hubishana sana juu ya hizo 701. Mimi huwaza zaidi zile 11,917 zilizopewa majibu: ni ngapi zilijibiwa kama ilivyojibiwa ya Mantell?

Nisieleweke kwamba rubani hakosei. Hukosea, na J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyeishauri Blue Book na baadaye akawa mkosoaji wake, alisema wazi kwamba marubani si mashahidi bora kama tunavyodhani. Sababu yake haiwavunjii heshima. Jicho la rubani limefundishwa kukwepa kugongana. Taa ikitokea ghafla mbele yake, ni salama zaidi aihesabu kuwa karibu kuliko kuihesabu kuwa mbali. Na taa peke yake gizani haina ukubwa. Usipojua umbali wake huwezi kujua kasi yake. Hata kamera hunaswa na mtego huo: ile video maarufu ya jeshi la Marekani ya mwaka 2015 iitwayo GoFast inaonyesha kitu kama kinachana mawimbi kwa kasi ya kutisha, lakini jopo la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilipopiga hesabu kwa namba zilizoandikwa kwenye video yenyewe, lilikuta kiko juu sana ya bahari na kinakwenda kama kilomita 64 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kitu kinachopeperushwa na upepo.

Sasa fikiria kama mwenye video ile angenyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Tusingejua lolote.

Woga huo una msingi. Novemba 17, 1986, rubani mkuu Kenju Terauchi alikuwa akirusha ndege ya mizigo ya Japan Airlines, Boeing 747, juu ya Alaska. Aliripoti taa zilizoifuata ndege yake, kisha umbo kubwa kuliko ndege yenyewe. Mamlaka ya anga ya Marekani ilichunguza, ikahoji wafanyakazi wa ndege, ikapitia rekodi za rada, na ikasema mwangwi ulioonekana kwenye rada ulikuwa wa ndege hiyohiyo uliogawanyika. Huenda ni kweli. Lakini Terauchi, baada ya kuzungumza na waandishi wa habari, aliondolewa kwenye urubani akapelekwa kufanya kazi ya ofisini, na ilimchukua miaka kurudi angani. Sisemi alichokiona kilikuwa chombo cha viumbe wa mbali. Nasema kila rubani aliyesoma habari ile alielewa somo: ukiona, meza mate, nyamaza.

Ndiyo maana ripoti ya idara ya ujasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilinigusa mahali tofauti na ilipowagusa wengi. Ilikuwa na matukio 144 ya vitu visivyotambulika angani, na ni moja tu lililopewa jibu la uhakika, puto lililokuwa likinywea. Vyombo vya habari vikakimbilia hapo. Mimi nilikwama kwenye namba nyingine: ripoti 11 ambamo marubani walieleza kwamba waliponea chupuchupu kugongana na kitu cha namna hiyo. Kiwe puto, droni ya jasusi au mfuko wa plastiki, ukikigonga kwa kasi ya ndege ya kivita unakufa vilevile. Ryan Graves, aliyekuwa rubani wa Jeshi la Majini, aliliambia Bunge la Marekani Julai 2023 kwamba ndege mbili za kikosi chake zilipishana na kitu kama mchemraba mweusi ndani ya tufe linalopenya mwanga kama kioo, kikapita katikati yao. Kikosi kikaandika ripoti ya usalama. Hakuna aliyewajibu rasmi.

Ofisi ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, inayoshughulikia mambo haya, AARO, ilitoa ripoti ya historia Machi 2024, ikasema haikukuta ushahidi wowote wa teknolojia kutoka nje ya dunia. Naelekea kukubaliana nayo. Lakini kama ningekuwa rubani mwenye shaka, kwa nini nimwamini mchunguzi ambaye ni mwenye siri pia? Skyhook ilitufundisha kitu.

Wafaransa walipita njia nyingine. Tangu 1977 kazi hii iko chini ya shirika lao la anga za juu, CNES, huko Toulouse, na siyo jeshini. Ofisi yao, inayoitwa GEIPAN sasa, huweka mafaili hadharani na kuyapanga kwa herufi, A hadi D, na D ni kwa kisa kilichochunguzwa vizuri kikakataa kueleweka. Ninachokipenda zaidi ni kwamba wamerudi kwenye mafaili ya zamani ya D, wakayasoma upya kwa maarifa ya leo, na mengi wameyahamisha. Hawakuona aibu kuandika kwamba hawajui, wala kuandika baadaye kwamba sasa wanajua.

Jopo la NASA la 2023 nalo lilipendekeza marubani watumie mfumo uliopo tayari Marekani tangu 1976, ambako rubani huripoti kosa au hatari kwa siri na jina lake hufutwa kabla ripoti haijasambazwa. Ningependa uwe mfumo wa kila nchi yenye ndege.

Ripoti ya Canada iko hadharani, yeyote anaweza kuisoma. Imeandika dakika alizolala rubani msaidizi, taa aliyoiona, alivyousukuma usukani na idadi ya walioumia. Jina lake halimo.