Shati jeupe ndilo somo la kwanza la kamera

Nashikilia jambo moja: somo la picha katika sekondari zetu hapa Lubumbashi, Kongo, lianze na shati la mwanafunzi, programu ya kuhariri ije baadaye. Yunifomu yetu, nyeupe juu na buluu chini, ikivaliwa na watoto weusi kwenye jua kali, ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote.

Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikikutana na mashati meupe 40 uani, hudhani mwanga umezidi, basi inaitia giza picha nzima. Mashati yanatoka safi hadi vifungo vinahesabika; nyuso zinakuwa kivuli kitupu, macho na meno tu. Halafu picha ikifika nyumbani, anayelaumiwa ni mtoto: "Wewe nawe, weusi umezidi!" Linaniuma sana neno hilo, maana kilichokosea ni kipimo cha mwanga.

Katika kundi la wanafunzi ninalolisaidia, mmoja anasimama barazani, nje kidogo ya jua la saa sita. Mwenzake anagusa kwenye kioo cha simu uso wa huyo aliyesimama, kisha anapandisha mwanga kwa kidole, polepole, mpaka mashavu na paji la uso vipate umbo. Wakitoka kwenda uani wanaona udongo wetu mwekundu unavyorusha rangi yake chini ya kidevu na kwenye kola. Shati litapoteza mikunjo kidogo. Lipoteze! Hakuna mama anayenunua picha ya mwanawe ili atazame mikunjo.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Kwa miaka mingi Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilizipa maabara za kusafisha picha kadi za picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mafundi walisawazisha rangi kwa kufuata ngozi yake. Miongoni mwa waliolalamika kwamba filamu hazionyeshi vizuri rangi za kahawia walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hata mwaka 2021, Google ilipotoa simu za Pixel 6, ilitangaza kama jambo jipya kwamba kamera yake imerekebishwa ili ngozi nyeusi itoke ilivyo.

Kuhariri nako nakutaka darasani. Programu za GIMP na Darktable ni za bure, na ukishaziweka kwenye kompyuta hazidai intaneti. Ila kwangu mpaka uko wazi: kuinua vivuli usoni ni ruhusa, vichujio vya "urembo" vinavyopausha ngozi ni marufuku. Msichana wa miaka 16 akisifiwa na wenzake kwenye WhatsApp kwa uso uliopaushwa, kuna umbali gani kutoka hapo hadi krimu za kujichubua sokoni?

Tena kuhariri kuna ukubwa wake. Sammy Baloji, msanii wa picha mzaliwa wa mji huu huu, aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za zama za ukoloni, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyochakaa ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wao hawana rangi, magofu nyuma yao yana rangi. Hakuna anayedanganywa; mtazamaji anauona mshono na anaanza kuuliza nani alijenga, nani alifaidi. Ningependa kila mwanafunzi aione kazi hiyo kabla hajagusa kichujio chochote, hasa kwa kuwa Baloji na wenzake ndio walioanzisha hapa chama cha Picha, kilichozaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi kuanzia 2008.

Wakuu wa shule wataniambia hakuna kamera, na umeme unakatika. Simu moja kwa wanafunzi watano inatosha muhula mzima wa kwanza, na baraza kila shule inayo. Kompyuta zinaweza kusubiri muhula wa pili.