Kampuni kubwa za mafuta: tazama akiba kabla ya gawio

Watu wengi siku hizi wananunua hisa za nje kwa simu, na kampuni kubwa za mafuta zinapendwa sana: ExxonMobil, Chevron, Shell, BP, TotalEnergies. Sababu inayotolewa ni moja, gawio nono, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, linaloingia kila robo mwaka. Sina ugomvi na gawio. Ninachogombana nacho ni tabia ya kulitazama peke yake, kwa sababu kampuni ya mafuta inauza mtaji wake kila siku. Pipa likishatoka ardhini halirudi. Mfugaji anayeuza ng'ombe kila mwezi huku zizi halizai ana fedha mkononi, lakini hapati faida.

Kwa hiyo nikifungua taarifa ya mwaka, natafuta kwanza mapipa mangapi yametolewa na mangapi mapya yameongezwa kwenye akiba iliyothibitishwa, yaani mafuta yaliyo ardhini ambayo kuna uhakika wa kutosha kwamba yatatolewa kwa faida. Kama kinachoongezwa ni pungufu ya kinachotolewa, miaka mitatu minne mfululizo, basi sehemu ya hilo gawio ni mtaji wako mwenyewe unaorudishiwa kidogo kidogo.

Waliokuwa na hisa za Shell mwaka 2004 wanazijua hesabu hizi kwa uchungu. Januari 9 kampuni ilitangaza kwamba mapipa bilioni 3.9, karibu moja ya tano ya akiba yake, hayakustahili kuitwa yaliyothibitishwa. Bei ya hisa ikaanguka, na mwezi Machi mwenyekiti Philip Watts akaondoka. Baadaye ikajulikana kwamba mkuu wa utafutaji na uzalishaji, Walter van de Vijver, alikuwa amemwandikia Watts Novemba 2003 akisema amechoka kusema uongo kuhusu akiba. Oman, ambako Shell ni mbia kwenye uchimbaji, nayo ilikuwemo kwenye hesabu hizo. Yibal, eneo la mafuta lililokuwa kubwa kuliko yote nchini humo, lilikuwa linashuka tangu 1997 licha ya visima vya kulala, vinavyopinda na kwenda kwa ulalo ndani ya mwamba, vilivyotegemewa kulifufua. Maji yakawa yanatoka mengi kuliko mafuta. Muda wote huo gawio lililipwa kama kawaida, na mwenye hisa aliyeangalia gawio tu hakuwa na namna ya kujua.

Mafuta rahisi bado yapo, ila si ya kampuni hizi. Ghawar ya Saudi Arabia, iliyogunduliwa 1948, iko nchi kavu na ni ya Aramco, yaani ya serikali. Baada ya utaifishaji wa miaka ya 1970, wakubwa wa Magharibi walilazimika kwenda kwenye vina virefu vya bahari, kwenye barafu na kwenye mchanga wa lami wa Kanada. Mfano ninaourudia kila mara ni Kashagan, Kazakhstan. Mafuta yaligunduliwa mwaka 2000 chini ya Bahari ya Kaspi, mahali ambapo maji ni mafupi na huganda wakati wa baridi, hivyo ikabidi vijengwe visiwa vya kuchimbia. Gesi yake ina sumu kali. Uzalishaji ulianza Septemba 2013, ukasimama baada ya wiki chache kwa sababu mabomba yalipasuka nyufa, na haukurudi hadi 2016. Gharama ilifika takriban dola bilioni 50. Shell nayo ilitumia kama dola bilioni 7 kwenye Aktiki ya Alaska, ikaondoka 2015 bila mafuta ya kuuza.

Njia nyingine ya kujaza akiba ni kununua kampuni iliyo nayo. ExxonMobil iliinunua Pioneer, kampuni ya Marekani inayochimba mafuta ya shale (mwamba mgumu unaopasuliwa ili uyaachie), kwa hisa zenye thamani ya karibu dola bilioni 60, mpango uliokamilika 2024. Kwenye vitabu akiba imepanda. Ardhini hakuna pipa jipya lililopatikana. Na visima vya shale huchoka haraka, vingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji ndani ya mwaka wa kwanza.

Lazima niseme pia kwamba Guyana imewatendea haki wenye hisa. Mafuta yaligunduliwa 2015, na Desemba 2019 yalikuwa yanatoka, kwa gharama nzuri. Lakini angalia jinsi sehemu ya kampuni ya Hess katika kitalu kile, yaani eneo la uchimbaji, ilivyowafikisha Exxon na Chevron mbele ya wasuluhishi, hadi Chevron ikaipata Hess Julai 2025. Vitalu vya namna ile vingekuwa vingi, wasingegombania kimoja.

Kwetu tuna Uganda. Mafuta yalipatikana 2006, uamuzi wa kuwekeza ukaja Februari 2022. Yana nta nyingi, kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linahitaji kupashwa joto njia nzima. Kampuni ya Tullow, iliyohangaika na vitalu vya huko kwa miaka mingi, iliuza sehemu yake yote kwa TotalEnergies kwa dola milioni 575 mwaka 2020. Miezi michache kabla, Desemba 2019, hisa zake zilikuwa zimeporomoka zaidi ya nusu kwa siku moja.

Hisa za mafuta nisingezikataa. Ningenunua kidogo, kwenye kampuni inayokubali kukaa bila mradi kuliko kufukuza mapipa kwa bei yoyote, na gawio lake nisingelipangia karo ya mtoto: Aprili 2020 Shell ilikata la kwake kwa theluthi mbili, mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili. Na kwa walio Nairobi, TotalEnergies Marketing Kenya iliyoko kwenye soko la hisa inauza mafuta vituoni. Ukiinunua hiyo, hujanunua kisima cha Uganda.